Kufuli na Vitasa Vinavyokwama: Kagua Kabla ya Masika

Wakazi wanaoishi karibu na bahari, kuanzia Mtwapa na Takaungu hadi Watamu, Malindi na Mambrui, wanahimizwa kukagua kufuli na vitasa vya nyumba zao kabla ya mvua za masika. Ufunguo unaotikiswa mara tatu ndipo mlango ufunguke ni kero mchana, na moto ukizuka usiku unaweza kugharimu maisha. Nyumba nyingi za Pwani zimeezekwa kwa makuti, ambayo yakikauka hushika moto upesi, na madirisha mengi yana vyuma vya kuzuia wezi. Mlango ukikataa, huenda pasiwe na pengine pa kutokea.

Kinachoharibu ni hewa yenyewe. Upepo hubeba chembe za chumvi hadi ndani ya tundu la ufunguo, chumvi hiyo huvuta unyevu, na chuma huanza kushika kutu. Hata kufuli ya shaba haiponi, kwa sababu upinde wake kwa kawaida ni wa chuma. Kusi na kaskazi zote huvuma kutoka baharini, kwa hivyo hakuna msimu wa kufuli kupumzika.

Kabla ya kununua chochote, fungua mlango na uzungushe ufunguo mlango ukiwa wazi. Ukizunguka vizuri, kitasa hakina kosa. Mbao zimevimba kwa unyevu au bawaba zimelegea, na ulimi wa kitasa unagonga fremu. Hiyo ni kazi ya seremala, mafuta hayatasaidia.

Ukiwa mgumu hata mlango ukiwa wazi, tatizo liko ndani. Kufuli inaweza kutolewa, ikasuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikakung'utwa na kuanikwa mpaka ikauke kabisa. Kitasa cha mlangoni kisimwagiwe maji. Kisha puliza kilainishi chenye silikoni au tefloni, kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Ingiza na kutoa ufunguo mara kadhaa, ukiupangusa kila mara, hadi utoke bila uchafu wa kutu. Dawa za kupuliza kama WD-40 ni nzuri kwa kulegeza kutu na kufukuza maji, ila hazidumu. Zikikauka, weka kilainishi chenyewe. Zima jiko na taa ya mafuta kwanza, kwani nyingi ya dawa hizi hushika moto.

Mafuta ya kupikia yaachwe jikoni. Baada ya muda huganda na kunasa mchanga, na kufuli huwa ngumu kuliko mwanzo. Mafuta ya nazi, ambayo wengi huyakimbilia, huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, jambo la kawaida alfajiri za Julai. Kalamu ya risasi ikisuguliwa kwenye meno ya ufunguo husaidia milango ya ndani, mahali pakavu. Kwa lango linaloelekea bahari haifai, kwa kuwa risasi hiyo ikilowa maji ya chumvi huweza kuharakisha kutu.

Ufunguo ukigoma usiulazimishe kwa koleo, maana ukikatikia ndani itabidi fundi aitwe. Na kwa wenye vyuma vya dirisha vinavyofungwa kwa kufuli: ipewe kilainishi kila baada ya miezi mitatu, na ufunguo wake utundikwe ndani, mahali ambapo kila mtu wa nyumba, watoto wakiwemo, anaweza kuupapasa gizani.