Amiba mapacha: Mmoja anakutafuna utumbo, mwenzake ni mpangaji tu

Kama unaishi Garissa, hii stori unaijua. Tumbo linanguruma usiku kucha, asubuhi unabeba kikopo hadi maabara ya mtaani, na baada ya nusu saa unapewa karatasi imeandikwa neno moja: amiba. Unapita kwa kemisti, unanunua Flagyl, mdomo unakuwa na ladha ya chuma siku kadhaa, maisha yanasonga. Baada ya miezi miwili, amiba tena. Bula nzima ina amiba, kuanzia Iftin hadi Madogo ng'ambo ya daraja.

Swali ambalo hakuna mtu huuliza ni hili: amiba yupi?

Kwa sababu wako wawili, msee. Wa kwanza anaitwa Entamoeba histolytica. Huyu ndiye mkorofi: anakuharisha damu, na akiamua kusafiri anafika kwenye ini na kuacha jipu la usaha. Wa pili ni Entamoeba dispar. Anaishi kwenye utumbo, anakula bakteria na mabaki, hamsumbui mwenye nyumba. Ni mpangaji asiyelipa kodi, lakini pia havunji madirisha.

Shida ni kwamba chini ya hadubini hawa wawili wanafanana kabisa. Fikiria mkokoteni wa punda uliobeba mitungi miwili ya manjano ya lita 20. Kwa macho ni mitungi ile ile. Mmoja una maji, mwingine petroli. Fundi wa maabara anaona mtungi, haoni kilicho ndani. Kitu kimoja tu kinaweza kumsaidia: akimwona amiba aliyemeza chembe nyekundu za damu, hapo kuna uwezekano mkubwa kuwa ni yule mkorofi. Bila hivyo, ni kubahatisha.

Wanasayansi wenyewe walibishana miaka mingi. Amiba huyu alielezwa mara ya kwanza mwaka wa 1875 na daktari Fedor Lösch huko Urusi, baada ya kumpata kwa mgonjwa aliyekuwa akihara damu. Mwaka wa 1925 Mfaransa Émile Brumpt akasema: hapana, hawa ni viumbe wawili tofauti, mmoja huleta ugonjwa na mwingine hana neno. Wengi walimpuuza, maana hakuna aliyeweza kuwatofautisha kwa macho. Ilichukua hadi 1993, baada ya watu kuangalia protini na DNA, ndipo Louis Diamond na Graham Clark wakathibitisha kwamba mzee alikuwa sahihi. Mwaka wa 1997 Shirika la Afya Duniani, WHO, likashauri kwamba hadubini pekee haitoshi kumtaja mkorofi kwa jina, na kwamba mtu asiye na dalili asipewe dawa kwa sababu tu kuna amiba ameonekana.

Sasa, tofauti iko wapi? Iko kwenye jeni, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila kiumbe. Mkorofi ana silaha tatu. Ya kwanza ni kulabu: protini inayonasa sukari zilizo juu ya seli za utumbo wako. Ya pili ni vitu vinavyoitwa amibapori, protini ndogo zinazotoboa matundu kwenye seli. Ya tatu ni vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama iliyo katikati ya seli, ili apate njia ya kupita. Na mwaka wa 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, wakiwemo Katherine Ralston na William Petri, walionyesha jambo la kutisha zaidi: amiba huyu humega seli yako vipande vidogo vidogo ikiwa bado hai, hadi ife.

Yule mpole naye ana kulabu. Ana hata amibapori, ila za kwake ni butu. Lakini jeni ya kimeng'enya kimoja muhimu, kinachoitwa CP5, kwake imeharibika na haifanyi kazi. Ni kama mtu aliyerithi bunduki ya babu, lakini haina kifyatulio.

Unataka ushahidi kwamba ukali uko kwenye jeni? Katika Taasisi ya Weizmann huko Israeli, David Mirelman na wenzake walizima jeni ya amibapori ndani ya amiba mkorofi. Hawakuikata, waliizima tu. Amiba akaendelea kuishi na kuzaana, lakini ukali ukamtoka, na vizazi vyake vikabaki hivyo hivyo.

Hata mwili wako una kura yake. Wengi wanaobeba amiba mkorofi mwenyewe hawaugui. Na mwaka wa 2011, utafiti wa watoto wa Dhaka, Bangladesh, ulionyesha kwamba waliorithi aina fulani ya jeni inayohusika na homoni ya leptini walipatwa na amiba mara nyingi kuliko wenzao.

Sasa turudi nyumbani. Haya yanakuhusu nini wewe?

Kwanza, pesa na mwili wako. Kama uliyenaye ni mpole, hizo Flagyl ulimeza bure, na kilichokuumiza tumbo bado kiko. Pili, uhai. Kuhara si amiba peke yake. Kipindupindu kilipiga kambi za Dadaab mwaka wa 2015 na tena 2022, na kipindupindu hakikusubiri umalize dozi, kinaweza kukuua ndani ya saa chache. Karatasi ikishasema amiba, watu huacha kutafuta. Tatu, kama kweli ni mkorofi, Flagyl peke yake inaua wale waliovamia nyama, lakini wale waliojificha utumboni ndani ya ganda gumu wanaweza kubaki. Hao ndio unaotoa chooni na kumwambukiza ndugu yako. Ndiyo maana matibabu kamili yana dawa ya pili ya kusafisha utumbo, kama diloksanaidi.

Na ganda hilo ndilo linalowapa nguvu kwetu. Tana ilipofurika mwishoni mwa 2023 na tena 2024, maji yaliingia nyumbani na vyooni kwa pamoja. Wajir nao, maji ya chini yako karibu sana na uso wa ardhi. Ndiyo maana mji ukaishi miaka mingi na visima vifupi na vyoo vya ndoo, jirani kwa jirani. Na usidanganyike na klorini. Ni nzuri sana dhidi ya kipindupindu, endelea kuitumia, lakini kiasi kinachowekwa kwenye maji ya kunywa hakitoshi kuvunja ganda la amiba. Maji yakichemka, ganda linakwisha.

Mimi si daktari, chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili. Lakini kuuliza hakuhitaji digrii. Ukipewa karatasi yako, uliza: mmeona amiba aliyemeza damu? Kuna kipimo cha antijeni, au cha PCR, ile ile tuliyoijua wakati wa Korona, cha kutofautisha hawa wawili? Kama hakuna, dalili zangu zinaweza kuwa za nini kingine? Na ukiona damu chooni, homa na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, au kuhara maji mfululizo, usiende kwa kemisti. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hadubini inaona sura tu. Tabia, utaiulizia mwenyewe.