Mteja Wako Ni Nani, na Ana Pesa Lini?

(MUZIKI WA KIPINDI, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI WA 1: Ndugu msikilizaji wa Nakivale, uwe Base Camp, Juru au Rubondo, leo tunazungumzia namna ya kupata wateja. Kaka, mtu ana kibanda cha sabuni, na majirani watatu wanauza sabuni ileile. Afanye nini?

MTANGAZAJI WA 2: Asante, dada. Wengi hukimbilia kushusha bei. Jirani naye anashusha, na mwishowe wote wanakula mtaji. Kabla ya kugusa bei, jiulize maswali matatu.

La kwanza: mteja wangu ni nani? Usijibu “watu wote”. Mama mwenye watoto sita anataka mche mzima. Kijana anayeishi peke yake anataka kipande. Mwenye mgahawa anaosha vyombo kila siku. Ukimpelekea sabuni mpaka mlangoni, atanunua kila wiki.

La pili: ana pesa lini? Pesa huonekana mgao ukitoka, ingawa siku hizi umepungua. Huonekana tena baada ya mavuno ya maharage na mahindi. Shule zikifunguliwa, Februari, Mei na Septemba, mzazi anabanwa, lakini mwanafunzi wa bweni haendi bila sabuni. Na kila wiki watu hufua kabla ya ibada: Waadventista kabla ya Jumamosi, wengine kabla ya Jumapili. Siku hizo usiishiwe. Pesa zikiwepo, weka miche mizima mbele. Zikikauka, kata vipande.

La tatu: kwa nini aje kwangu? Kata vipande vilivyo sawa, bila kupunja. Fungua saa ileile kila asubuhi. Msalimie kwa lugha yake. Mteja aliyeridhika atakutangaza kanisani, msikitini na kwenye foleni ya maji, na hutamlipa chochote.

MTANGAZAJI WA 1: Na yule anayesema, “Niandikie, nitalipa mgao ukitoka”?

MTANGAZAJI WA 2: Hapo ndipo biashara nyingi hufa. Tuseme mche umeununua kwa shilingi 4,000, ukaukata vipande 10 vya shilingi 500. Ukiuza vyote unapata 5,000. Faida ni 1,000. Vipande viwili visipolipwa, faida yote imekwenda. Cha tatu kinakula mtaji, na pengine mtaji huo ni mkopo wa kikundi ambao wenzako wanausubiri. Kwa hiyo weka sheria: mkopeshe unayemfahamu, kipande kimoja, na asichukue kingine kabla hajalipa. Mwambie kwa heshima: “Mama, nikikukopesha tena, kesho sitakuwa na cha kukuuzia.”

MTANGAZAJI WA 1: Msikilizaji, hii ndiyo kazi yako ya wiki mbili. Chukua daftari. Andika nani amenunua, amenunua nini, siku gani, na nani ameulizia kitu akakikosa. Hao waliokosa ndio watakaokuonyesha bidhaa ya kuongeza. Kama huandiki, mwombe mtoto wa shule akuandikie kila jioni.

MTANGAZAJI WA 2: Na mkiwa kikundi, jadilini swali hili: kati ya wateja wetu, nani tunaweza kumfuata alipo badala ya kumsubiri kibandani?

MTANGAZAJI WA 1: Tukutane kipindi kijacho, Mungu akipenda.

(MUZIKI UNAPANDA)