Namungo Isisimame kwa Mguu Mmoja

Msimu wa 2019/20 ulipoanza, wakazi wa Ruangwa walishuhudia jambo ambalo wengi hawakulitazamia: timu ya Namungo, kutoka wilaya ya wakulima wa korosho na ufuta, ilikuwa imepanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Msimu huo huo ikaingia fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi. Tarehe 2 Agosti 2020, mjini Sumbawanga, ilifungwa na Simba mabao 2-1. Lakini kwa kuwa Simba walikuwa pia mabingwa wa ligi, nafasi ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika ikawaangukia vijana wa kusini.

Februari 2021 Namungo iliitoa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5, ikaingia hatua ya makundi. Huko ilikutana na Raja Casablanca ya Moroko, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia, ikapoteza michezo yote sita bila kupata bao hata moja. Wapo waliocheka. Sisi hatucheki, kwa maana mtoto hujifunza kutembea kwa kuanguka. Linalotushughulisha ni kama timu hii itakuwapo miaka hamsini ijayo.

Swali hilo lina uzito. Uwanja wa nyumbani wa Namungo una jina la Ndugu Kassim Majaliwa, aliyekuwa Mbunge wa Ruangwa tangu 2010 hadi 2025, na Waziri Mkuu tangu 2015 hadi mwaka huo huo. Ni haki kumshukuru kiongozi anayekumbuka kwao. Hata hivyo, uongozi ni dhamana yenye muda wake, na mfadhili naye huja na huondoka. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Jirani zetu wa Nachingwea hawahitaji kufundishwa somo hili. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, nao Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake vitatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Misitu ilifyekwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikaletwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Fedha zilitoka London, amri zilitoka London, na tangazo la mwisho pia likatoka London. Mwananchi aliyelima hapo hakuwa na kauli.

Sasa na tutazame Sousse, mji wa pwani ya Tunisia ambao si makao makuu ya nchi. Klabu ya Étoile du Sahel ilianzishwa huko mwaka 1925, chini ya ukoloni wa Kifaransa. Mwaka 1961 serikali ya Rais Bourguiba iliivunja kwa amri. Wenyeji hawakuiacha ife. Ikarudi, na mwaka 1963 ikawa bingwa wa Tunisia. Mwaka 2007 ilikwenda Cairo ikaifunga Al Ahly 3-1 na kutwaa ubingwa wa Afrika. Watanzania wanaifahamu: mwaka 2015 ilitoka sare ya 1-1 na Yanga Dar es Salaam, ikashinda 1-0 kwao, na hatimaye ikachukua Kombe la Shirikisho. Klabu iliyovunjwa kwa amri ya dola ilifufuka kwa sababu mji mzima uliihesabu kuwa mali yake.

Je, Ruangwa na Nachingwea zinaweza? Wapo watakaosema kwamba mkulima hana fedha za mpira. Lakini mkulima huyo huyo, kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ameonyesha kwamba wengi wenye kidogo wanaweza kufanya kikubwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, uanachama uwe wazi kwa kila mtu wa wilaya hizi, kwa ada ambayo mkulima anaimudu baada ya mauzo ya korosho. Pili, hesabu zisomwe kila mwaka mbele ya wanachama. Tatu, vijana wa shule zetu watafutwe na kufundishwa, ili timu isitegemee wachezaji wa kukodi.

Lakini hapana budi tuseme na ukweli ulio mchungu. Simba au Yanga zinapofika Ruangwa, si wenyeji wachache wanaovaa jezi ya mgeni. Mapenzi hayalazimishwi, nasi hatumlaumu mtu. Tunasema tu kwamba mtu huipenda nyumba aliyoshiriki kuijenga. Mwenye kadi ya Namungo mfukoni, aliyeilipia kwa jasho lake, atajua siku hiyo ashangilie upande gani.