Utamaduni Si Ngoma Tu

Tangu Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, wako ndugu ambao wakisikia neno utamaduni hufikiri manyoya, njuga na ngoma za kulakia wageni. Sisi twasema hayo ni maua. Mti wenyewe ni namna watu wanavyopatana kuishi na kufanya kazi.

Itazameni bugobogobo ya Wasukuma. Huchezwa kwa majembe, kwani asili yake ni vikundi vya kulima pamoja, ngoma ikilia na majembe yakishuka kwa mkupuo mmoja. Mvivu alijulikana papo hapo, wala hakuhitajiwa nyapara.

Waliozoea hayo hawakuushangaa ushirika. Walipoona mizani ya wanunuzi wa pamba inawapunja, walijiunga. Na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana Mwanza kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiongoza. Sheria ilikuwa ya Kiingereza. Desturi ya kutegemeana ilikuwa yao.

Leo majembe hayo hutazamwa Bujora, na ni vema yatazamwe. Lakini mvuvi wa sangara auzaye peke yake mwaloni asimama mbele ya mizani ya mwingine, kama alivyosimama mkulima yule kabla ya ushirika.