Chakula cha ndege, si cha kunguru

Wasikilizaji kadhaa wa Dar es Salaam wameniuliza wawape nini ndege wa uani. Jibu langu: nafaka ndogo. Mtama na uwele huwatosha mnana, shomoro na pugi. Makombo ya wali na mkate acheni. Hayo huwaita kunguru weusi, walioletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, ambao hula mayai na makinda ya ndege wenzao.

Mkifika dukani, ombeni nafaka ya kula. Mbegu ya kupanda mara nyingi hupakwa dawa yenye rangi, nayo huua ndege. Nafaka iliyoota ukungu nayo ni sumu.

Chombo kisiwe sinia pana. Toboeni chupa ya plastiki matundu madogo, pitisheni vijiti vyembamba, kisha ining'inizeni kwa waya mbali na ukuta, paka asiifikie. Shomoro atatua, kunguru hana pa kukanyaga. Pugi ataokota zinazodondoka.

Osheni chupa kila wiki, na wekeni punje za siku moja tu. Nasisitiza hilo kwa sababu zikibaki chini usiku, mnamlisha panya.