Fahamu: Reli ikipata mwekezaji, mfanyakazi wa Tunduma ana haki gani?

Septemba 2025, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC kuifufua TAZARA, reli ya kilomita 1,860 inayovukia mpaka Tunduma. Migomo si jambo geni hapa: huko nyuma wafanyakazi wa reli hii waligoma wakidai malimbikizo ya mishahara, na mwajiri alikuwa shirika la serikali hizo mbili.

Mwekezaji awe Mchina au Mswisi, sheria ya ajira ya Tanzania ni ile ile ya 2004. Saa 45 kwa wiki. Za ziada hulipwa mara moja na nusu.

Ukifukuzwa kwa uonevu, jaza fomu CMA F1, uipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Una siku 30 tu. Usizimalize getini ukimbembeleza msimamizi.