Fidla katika Kumbi Ndogo: Mwongozo kwa Wakaazi

Miongoni mwa huduma za utamaduni zilizo karibu kabisa na mkaazi wa Mji wa Zanzibar, kusikiliza fidla ikipigwa mbele ya macho yake ni mojawapo ya zile zisizotumiwa ipasavyo. Wengi wetu huisikia redioni, au kupitia vipaza sauti vya harusi, tukadhani tumekwisha kuisikia. Makala haya yanaeleza namna ala hii ilivyotufikia, inavyofanya kazi, inakopatikana, na adabu zinazompasa msikilizaji. Yanaeleza pia kwa nini mahudhurio ya wakaazi wenyewe yana uzito mkubwa katika uhai wake.

Asili yake hapa kwetu

Fidla ni ala ya Ulaya, lakini visiwani ilikuja kwa njia ya muziki wa Kiarabu. Katika karne ya 19 wanamuziki wa Misri waliipokea, wakaiingiza katika vikundi vyao pamoja na udi, ganuni na nai. Husimuliwa kuwa Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyefungua mlango wa muziki huo wa Misri katika kasri lake. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na mwaka 1958 kikaanza kikundi ambacho leo kinaitwa Culture Musical Club. Katika vikundi vya aina hii, safu ya fidla ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya sauti ya taarab.

Nje ya kumbi za taarab iko kidumbaki, ngoma ya mitaani na ya harusini. Hapo fidla huwa moja tu, ikiongoza wimbo juu ya vidumbaki viwili, sanduku la besi, cherewa na mkwasa. Mpigaji hana wenzake wa kumfichia kosa. Kila anachokifanya husikika.

Kwa nini ukumbi mdogo

Fidla ina nyuzi nne na haina vigawanyo shingoni kama gitaa. Kidole cha mpigaji ndicho kinachochagua mahali pa sauti, na kwa sababu hiyo ala hii inaweza kutoa zile sauti zilizo katikati ya sauti mbili za kinanda, ambazo maqam kama bayati na rasti haziwezi kukamilika bila ya hizo. Wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu hufikia hata kuziteremsha nyuzi mbili nyembamba, ili ala ilingane zaidi na maqam hizo.

Mambo haya ni madogo, na sikio huyapata vyema pale penye utulivu. Katika chumba chenye watu thelathini au arubaini, msikilizaji husikia uta ukigusa uzi kabla sauti haijakomaa, na husikia kidole kikiteleza kutoka sauti moja hadi nyingine. Katika uwanja wenye spika kubwa, mengi ya hayo humezwa. Tangu miaka ya 1990, taarab ya kisasa imetegemea zaidi vinanda vya umeme, ambavyo huweza kuiga safu nzima ya fidla kwa mkono mmoja. Muziki huo una wapenzi wake na haki yake. Lakini kijana aliyekulia ndani yake huenda hajapata kusikia fidla yenyewe.

Namna ya kusikiliza

Usishangae wapigaji wakichukua muda kulinganisha nyuzi. Mbao za fidla huvuta unyevu wa pwani, vigingi vya kukazia nyuzi hukwama au kulegea, na sauti huhama. Kulinganisha ni sehemu ya kazi yao.

Onesho la taarab asilia mara nyingi hufunguliwa kwa bashrafu, yaani kipande cha ala pasipo mwimbaji. Baadaye huja wimbo, na baina ya beti huingia vibwagizo vya ala. Wapo wanaozungumza wakati huo, wakimsubiri mwimbaji arejee. Hapo ndipo hasa pa kunyamaza, kwa kuwa fidla hulijibu shairi: hurudia mwendo wa sauti ya mwimbaji, huurefusha, na pengine huuachia swali.

Kutuza ni desturi njema na haikatazwi. Inuka baina ya beti, pita ubavuni, usisimame mbele ya wapigaji. Kumbuka pia kwamba nyuzi na manyoya ya uta huchakaa na hununuliwa upya. Ukitaka kuwafaa wapigaji, uliza kikundi kinapokea vipi mchango wa ala. Simu izimwe sauti, na kurekodi kuombewe ruhusa.

Pa kwenda

Vikundi vikongwe hufanya mazoezi jioni katika majumba yao, na Culture Musical Club wako Vuga. Mgeni mwenye adabu kwa kawaida hupokelewa, ila ni vyema kuuliza siku na saa mapema. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, hufundisha fidla pamoja na ala nyingine za taarab. Mzazi mwenye mtoto mwenye hamu anaweza kuulizia huko masomo na maonesho ya wanafunzi. Kwa kidumbaki na shughuli za mtaani, muulize sheha wa shehia yako, ambaye kwa desturi hupewa taarifa za shughuli hizo.

Kwa nini mkaazi ndiye anayehitajika

Katika Mji Mkongwe wageni wa nchi za nje huhudhuria maonesho kwa wingi, na kiingilio chao huvisaidia vikundi. Hata hivyo, taarab ni ushairi. Fumbo lililofichwa katika ubeti humfikia anayejua Kiswahili, naye akicheka, akiguna au akiinuka kutuza, mwimbaji hupata nguvu na mpiga fidla hujua neno gani la kulijibu. Ukumbi uliojaa wasioelewa maneno hupiga makofi mwisho wa wimbo; ukumbi wenye majirani hushiriki ndani ya wimbo. Vikundi vikizoea aina ya kwanza tu, vitachagua nyimbo chache zilezile zinazompendeza mpita njia, na hazina ya mashairi itabaki bila ya kuimbwa.

Ukumbi mdogo haufungwi kwa tangazo. Hupungukiwa na watu, kisha mazoezi hupungua, kisha vijana huacha kujifunza. Viti kumi vikikaliwa na majirani kila wiki, mwendo huo hugeuka. Kila mkaazi wa wadi anaombwa achague jioni moja mwezi huu, afuatane na mtoto au mzee wa nyumbani kwake, aende akasikilize.